Kichwa Kilichotazama Kulia

Glafira Nikonovna Shubina alikuwa mtu wa kukupita barabarani bila salamu, na wasiomjua walisema ana maringo. Hakuwa na maringo. Macho yake hayakuona mbali, basi. Mti na mtu kwake vilikuwa kitu kimoja mpaka kimoja kiseme. Lakini mpe pete ya kale, ndogo, iliyolika kwa kuvaliwa na mabibi watatu, ataigeuza mara moja kwenye mwanga na kukwambia ilitoka mji gani, enzi ya mfalme yupi, na kama jiwe lililomo ni jiwe kweli au ni ujanja.

Nilifanya naye kazi kwenye duka la kamisheni katika mji wetu wa Yekaterinburg, ambao wakati ule bado uliitwa Sverdlovsk. Watu walileta vitu vyao, sisi tukaviuza, duka likakata chake. Mimi nilikuwa kaunta ya saa kuukuu. Yeye alikaa kwenye kidirisha cha dhahabu na vito, na kati yetu palikuwa na ubao tu, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

Baba yake, mzee Nikon, alikuwa mkata mawe. Hapa kwetu Urali hiyo si habari. Kila ukoo una mkata mawe na mlevi, na mara nyingi ni mtu yule yule. Nikon hakunywa. Alimkalisha binti yake dirishani tangu hajajua kusoma, akampa mawe ayatazame. Zumaridi, ametisti, na lile jiwe letu la kijani linaloitwa demantoidi, ambalo ukilitazama kwa lenzi unaona ndani yake nyuzi za rangi ya dhahabu zimetawanyika kama mkia wa farasi anayekimbia. "Kioo hakina nyuzi," alimwambia. "Kioo kina mapovu. Mungu hapulizi mapovu."

Mambo ya chapa alijifunza mwenyewe, ukubwani, na saa ya chai alinifundisha na mimi. Dhahabu yetu ya zamani imegongwa namba hamsini na sita, kipimo cha usafi wake. Pembeni ya namba pana kichwa cha mwanamke aliyevaa kilemba cha kale cha sherehe. Kama mwanamke huyo anatazama kushoto, kitu kilitengenezwa kabla ya mwaka 1908. Kama anatazama kulia, ni baada ya hapo, na pembeni yake utaona kiherufi cha Kigiriki cha mkoa. Yalipokuja mapinduzi, mwanamke akaondoka, akaja mfanyakazi na nyundo yake.

"Maskini, hata kwenye pete wamempa nyundo," alisema Glafira Nikonovna, akaangalia mlangoni kama kuna mtu amesikia.

Kilichompata nakisimulia kwa sababu nilikuwepo mwanzo wake na mwisho wake.

Mwanzo ulikuwa siku chache kabla ya sikukuu ya Mei Mosi, mwaka 1974. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Akaja mwanamke mrefu, amevaa kitambaa cheusi cha msiba, jina lake Avgusta Podkorytova, fundi cherehani kutoka Polevskoy. Akafungua leso. Ndani mlikuwa na hereni mbili za dhahabu, kila moja na jiwe moja la kijani.

"Dada, niangalizie hizi," alisema. "Mama ametutoka. Tunagawana, mimi na mdogo wangu. Sitaki mtu apunjwe."

Glafira Nikonovna alichukua ya kwanza. Aliitazama kila upande kama desturi yake: kulabu, nyuma, kucha za dhahabu zinazoshika jiwe. Mwanamke wa kwenye chapa alitazama kushoto. Akasogeza lenzi kwenye jiwe, nikamwona anatabasamu, maana mkia wa farasi ulikuwemo, tena mzuri. Akachukua ya pili. Nyuma ya Avgusta mtu mmoja alikuwa anapiga kelele, "Mama, mnazaa huko mbele au mnanunua?" na watu wakacheka. Glafira Nikonovna akatazama jiwe tu. Akaweka lenzi mezani.

"Hii ni demantoidi, na ni ya kupendeza. Hii nyingine ni kioo."

"Kioo? Kioo vipi? Hizi ni pacha!"

"Ni pacha, ndiyo. Ila mtu amelitoa jiwe akatia kioo mahali pake."

Avgusta alibaki amesimama, mkono juu ya leso.

"Mtu," akasema polepole. "Huyo mtu mimi namjua."

Akafunga leso yake akaondoka. Glafira Nikonovna akaita, "Anayefuata!" Nasi tukaendelea na kazi.

Yaliyotokea baadaye tulikuja kuyasikia miaka mingi mbele, kutoka kwa mwenyewe aliyeyameza. Mdogo wake Avgusta aliitwa Nonna. Huyu ndiye aliyekaa na mama yao mpaka mwisho, akamlisha, akamgeuza kitandani, akamfulia. Alikuwa na mume, Venedikt, dereva wa lori, mtu mchangamfu aliyependa vodka kuliko ilivyompenda. Kwa hiyo Avgusta hakuhitaji kutafuta mbali. Alingoja karamu ya arobaini. Ndugu wote wamekaa, chapati laini za ukumbusho ziko mezani, akainuka, akaweka hereni mbili pembeni ya sahani, akasema mbele ya watu:

"Nonna, hebu tuambie. Jiwe la mama mumeo alilinywa kwa chupa ngapi?"

Nonna aliapa mbele ya picha takatifu. Venedikt aliapa, akalia, na kulia kwake kukawa ushahidi, maana watu walisema mwanamume hulia kwa lipi kama si hatia? Avgusta akachukua hereni yenye jiwe. Yenye kioo akaisukuma kwa mdogo wake. "Yako hii. Nyingine umeshaila." Dada hao hawakusemezana tena.

Lakini hilo halikuwa baya kuliko yote. Baya kuliko yote lilikuwa kwamba Nonna mwenyewe alianza kufikiri. Yeye hakuchukua, hilo alilijua. Basi nani? Nyumbani walikuwa watu watatu, na mmoja alikuwa mgonjwa kitandani. Kila Venedikt aliporudi amelewa, Nonna alimtazama na kujiuliza ni lini, na alimuuzia nani.

Karibu miaka ishirini ikapita hivyo.

Mji wetu ukarudishiwa jina lake la zamani. Serikali ilianguka, mishahara ikawa haifiki, na mbele ya kidirisha cha Glafira Nikonovna ikasimama foleni ya aina nyingine. Watu hawakuja kugawana tena, walikuja kuuza. Pete za ndoa. Misalaba ya ubatizo. Glafira Nikonovna alikuwa amepita umri wa kustaafu, lakini duka halikupata mwingine mwenye macho yale, naye hakuwa na mtu nyumbani. Alikuwa amechoka. Jioni alitembea hadi kituoni akiwa amenishika mkono.

Majira ya baridi ya mwaka 1993 akaja mwanamke mfupi, amevaa buti za kiume. Hakusalimu. Aliweka hereni moja kwenye kisahani.

"Ipimeni dhahabu tu," alisema. "Jiwe msihangaike nalo, ni kioo. Nalijua."

Nilisikia lenzi ikiguswa, halafu nikasikia kimya. Kimya kile kilirefuka mpaka nikanyanyua shingo kuchungulia juu ya ubao. Glafira Nikonovna alikuwa ameishika hereni kwa kulabu, ameielekeza kwenye taa, na uso wake umekuwa kama unga.

"Nyingine iko wapi?" akauliza.

"Kwa dada yangu, Polevskoy. Yeye alichukua yenye jiwe. Mimi nilipewa ya mwizi." Alilisema kama mtu anayetaja anwani yake.

Glafira Nikonovna akashusha pazia la kidirisha. Watu wa foleni wakaguna. Akanigeukia akaniambia, "Ravila, njoo nawe," sauti yake haina nguvu kabisa, na tukamwingiza mgeni kwenye chumba cha nyuma tunakonywea chai.

Alimkalisha. Hakukaa yeye.

"Mama, unaitwa nani?"

"Nonna Yefimovna."

"Nonna Yefimovna, miaka ile dada yako alizileta hereni zote mbili hapa. Alileta kwangu. Mimi ndiye niliyemwambia mtu amelitoa jiwe."

Nonna akavua kofia.

"Nilisema uongo," akaendelea Glafira Nikonovna. "Sikukusudia, lakini ni uongo. Ile ya kwanza niliigeuza, nikaiona chapa yake. Hii sikuigeuza. Niliona kioo, nikasema lililonijia mdomoni. Leo ndiyo nimeigeuza. Tazama hapa. Huyu mwanamke anatazama kulia. Yule wa hereni nyingine anatazama kushoto, namkumbuka kama ninavyokumbuka uso wa baba yangu. Hizi si pacha. Hii imetengenezwa baadaye, na fundi mwingine, ili ifanane na ile. Na nyuma yake imezibwa, ndani wameweka karatasi ya fedha ili kioo kiwake. Hizi kucha hazijawahi kuinuliwa tangu siku ya kwanza. Hapa hapakuwa na jiwe kamwe. Hakuna aliyeiba kitu."

"Baadaye lini?"

"Kabla ya mapinduzi. Wewe ulizaliwa lini?"

"Thelathini na moja."

"Basi hukuwa umezaliwa. Wala dada yako."

Nonna aliizungusha kofia yake ya sufu magotini. Nje watu walikuwa wanagonga kidirisha.

"Rudia," alisema.

Akaelezwa tena yote tangu mwanzo, taratibu, kama anavyosomewa mtoto.

"Venedikt wangu," akasema Nonna. Hakuwa anaongea na sisi. "Alipokuwa anakata roho alinishika mkono. Akaniambia, Nonna, haki ya Mungu mimi sikuchukua. Nikamwambia, lala. Nikamwambia hivyo tu. Lala."

Glafira Nikonovna akapiga magoti pale sakafuni, mwanamke mzima, mnene, mwenye miguu mibovu. Nonna hakumwinua. Hakumtukana pia. Alichukua hereni yake mezani, akaifunga ndani ya glavu, akasema:

"Simama, mama. Utapata baridi."

Mlangoni alisimama akageuka.

"Polevskoy utakuja kusema mwenyewe. Mimi nikisema, ataniita mwizi mara ya pili."

Glafira Nikonovna alijibu kwamba atakwenda. Usiku ule hakulala, aliniambia, na kesho yake aliniomba nimsindikize. Alikuwa anaogopa. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya wakaguzi wa wizara bila kutikisika, aliogopa fundi cherehani wa Polevskoy.

Tulikwenda Jumapili, sisi watatu, kwa basi. Theluji ilikuwa imefunika kila kitu. Nonna alikaa kiti cha mbele peke yake na hakugeuka hata mara moja. Nyumba ya Avgusta ilikuwa ya magogo, imeinama upande kidogo, na njia haikuwa imefagiliwa theluji. Nonna akasimama, akaitazama ile njia.

"Gustya na uchafu? Haiwezekani," akanong'ona, akimwita dada yake kwa jina la nyumbani.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mrefu aliyepapasa ukuta. Macho yake yalikuwa na utando mweupe yote mawili.

"Nani?" akauliza. "Mbona hamsemi? Kama mmekuja kuiba, mmechelewa, nimeshaibiwa."

"Gustya, ni mimi," alisema Nonna.

Avgusta aliacha kupapasa. Nilidhani atafunga mlango. Badala yake aliingia ndani akauacha wazi, nasi tukaufahamu huo kuwa ndio karibu.

Ndani palikuwa na baridi. Tulikaa na makoti yetu. Glafira Nikonovna alijitaja, akasema alilokuja kusema, lote, bila kujipunguzia. Avgusta alisikiliza kichwa kimeinama. Alipomaliza, Avgusta akacheka kicheko kibaya.

"Kwa hiyo wewe ndiye yule wa kidirishani. Nilikuamini kwa neno lako. Nikamtupa mdogo wangu kwa neno lako. Sasa unaleta neno jingine, unataka niliamini na hili? Sioni, mama. Ungeniletea hata chapa ya shetani mwenyewe, sioni."

Utaalamu wote wa Glafira Nikonovna ulikuwa wa macho, na mbele yake amekaa kipofu mwenye haki ya kukataa. Aliyesema ni Nonna.

"Lete yako, Gustya. Ilete, na yangu hii hapa. Wewe vidole vyako vilikuwa vinahesabu nyuzi za kitambaa gizani. Shika mwenyewe."

Avgusta akainuka, akaenda nyuma ya jiko, akarudi na hereni iliyoshonewa ndani ya kitambaa. Alikata uzi kwa meno. Akaziweka hereni mbili kwenye viganja viwili, akaanza kuzipapasa kwa ncha za vidole, na sisi tulikaa tunamtazama mikono kama watu wanaotazama daktari.

"Hii ina tundu nyuma," akasema. "Ncha ya jiwe naisikia. Hii..." Akaigeuza. Akaigeuza tena. "Hii haina tundu. Imezibwa."

"Imezibwa tangu kutengenezwa," alisema Glafira Nikonovna kwa sauti ndogo.

"Nyamaza, wewe. Nashika mimi." Akapitisha ukucha kwenye kucha za dhahabu. "Na hizi ni nene. Huyu fundi ana mkono mzito. Si mmoja. Si mkono mmoja, Nonna. Mkono wa fundi naujua, hata wa dhahabu."

Akaziweka mapajani.

"Sakafu ya bafu," alisema ghafla.

"Sakafu gani?" akauliza Nonna.

"Si mama alikuwa anasimulia? Kwamba babu siku moja aling'oa sakafu yote ya nyumba ya kuogea, ubao baada ya ubao, na akachuja matope kwa ungo, na hakumwambia mtu anatafuta nini. Na bibi amekaa nje kwenye theluji analia. Tulikuwa tunacheka. Tulisema babu alitafuta chupa yake."

Nonna akashika mdomo.

"Hereni ya bibi ilidondoka humo, hakuipata," alisema. "Akamwagizia nyingine kwa fundi."

"Akamwagizia ya kioo, maana bei ya jiwe hakuiweza. Na bibi akazivaa zote mbili mpaka akafa, na hakusema." Avgusta aliinua uso wenye macho meupe. "Nonna. Mimi nilikuita mwizi mezani kwa mama."

"Uliniita."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu, Gustya. Na Venedikt nimemzika peke yangu, hukuja. Na mimi mwenyewe sikumwamini. Hilo nani atanirudishia?"

Nonna hakumkumbatia dada yake. Ningependa kusema alimkumbatia, lakini sikuliona hilo. Alivua koti, akatoka nje, tukamsikia anapasua kuni. Alirudi akawasha jiko. Akachungulia kwenye sufuria, akasema, "Hii ndiyo unayokula? Mbwa atakushitaki," na Avgusta akajibu, "Pika basi wewe mwenye ulimi," na hapo tukaona mimi na Glafira Nikonovna kwamba ni wakati wa kuondoka. Hawakutusindikiza.

Nonna alibaki Polevskoy wiki ile, na wiki iliyofuata. Mwisho aliacha chumba chake cha mjini akahamia kwa dada yake. Hereni hazikuuzwa.

Glafira Nikonovna aliendelea na kidirisha muda mfupi tu. Alikuwa amebadilika. Mtu akimletea kitu alikigeuza kila pembe hata kama foleni inalaani, na akasema alichokiona, wala hakuongeza. "Jiwe hili ni la kutengenezwa na mwanadamu. Nani kaliweka, sijui. Sikuwepo." Wateja wengine walinuna, walitaka hadithi. Mwenye duka alimwambia anachelewesha kazi, naye akasema ni kweli, akavua koti lake la kazi, akalikunja, akaenda nyumbani. Alilima viazi kwenye kiwanja chake nje ya mji. Nilimtembelea kila Jumapili. Habari za dada wale hakuuliza, na alipofikiri simwoni, alikuwa anatazama njia ya basi, yeye ambaye hakuona mbali.

Miaka minne baadaye Nonna alikuja kiwanjani, na buti zake zile zile. Tulikuwa tunapalilia.

"Gustya amekwenda," alisema. "Jumamosi ni arobaini. Njoo."

"Mimi?" Glafira Nikonovna alibaki na jembe mkononi. "Nonna Yefimovna, mimi kwenye arobaini yenu nitaweka wapi uso?"

"Uweke hapo hapo ulipo. Njoo."

Tulikwenda. Meza ilikuwa ndefu, ndugu wamejaa, wengi wao wale wale waliokuwepo siku ya hereni, sasa wamezeeka. Kulikuwa na ngano ya ukumbusho yenye asali, chapati laini, supu ya tambi, uyoga wa chumvi. Glafira Nikonovna alitaka kukaa karibu na mlango. Nonna akamvuta kwa mkono wa nguo, akamketisha pembeni yake.

Mzee mmoja upande wa pili alikunja uso. "Nonna, huyu mama ni wa upande gani? Simjui."

Mazungumzo yakapungua. Nikamwona Glafira Nikonovna anainamisha kichwa.

"Huyu ndiye aliyetugombanisha mimi na Gustya," alisema Nonna, sauti ya kawaida, huku anamenya yai. "Na ndiye aliyekuja na miguu yake mibovu kwenye theluji kutupatanisha. Gustya alisema nisimwache nyuma. Mpeni supu, imeanza kupoa."

Mzee alinyanyua upawa. Supu ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa Glafira Nikonovna. Aliila yote, polepole, machozi yakimdondokea sahanini, na hakuna aliyemtazama, kwa adabu.